MACHELA KATIKA MSITU WA BURMA
Habari za askari na wauguzi Waafrika, na wana wa Kongo kati yao, katika vita vya 1944

Mtu akitaja askari hodari, mara moja twamwona katika mawazo yetu mtu mwenye bunduki, anayekimbia mbele huku wenzake wakimfuata. Mawazo hayo si ya uwongo. Lakini katika vita vya msituni ulikuwako uhodari wa namna nyingine, usioonekana upesi: uhodari wa wale waliokwenda mahali pa hatari huku mikono yao imeshika, si bunduki, bali miti miwili ya machela, na juu yake amelala mtu anayetokwa na damu. Habari zao twataka kuwasimulia leo. Wana wa Kongo walikuwamo, na wengi wa watoto wetu walioko shuleni hawajapata kusikia hata jina la mahali walipokwenda.

Mahali hapo ni Burma. Wazee wetu walisema Birmani, kwa kuwafuata Wabelgiji. Tangu mwaka 1989 nchi yenyewe yaitwa Myanmar. Iko upande wa mashariki wa India, nchi ya mito mikubwa na milima iliyofunikwa na msitu. Wajapani waliiteka mwaka 1942, wakawasukuma Waingereza hadi kwenye mpaka wa India. Mwezi wa Machi 1944 wakauvuka mpaka huo, wakaishambulia miji ya Imphal na Kohima. Wakapigana huko zaidi ya miezi mitatu, wakaishiwa chakula na risasi, na mwezi wa Julai wakaanza kurudi nyuma. Kazi ya kuwafuata ikawa juu ya Jeshi la 14, ambalo mkubwa wake alikuwa Jenerali William Slim.

Jeshi hilo lilikuwa la watu wa mataifa mengi. Wahindi ndio waliokuwa wengi kupita wote. Walikuwako Waingereza na Wagurkha wa Nepal. Na Waafrika waliofika katika vita vile walikuwa kama laki moja. Walitoka Nigeria, Gold Coast (leo Ghana), Sierra Leone na Gambia. Walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (leo Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Na kutoka Kongo ilikwenda hospitali moja.

Hata safari yenyewe ilikuwa vita. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo katika kisiwa cha Ceylon, yaani Sri Lanka, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Haikupita dakika mbili ikawa imezama. Ilikuwa imechukua watu 1,511, na waliokufa ni 1,297. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na pamoja nao walikufa wauguzi wanawake waliokuwa wakienda kuwatunza majeruhi. Watu hao hawakupata kuuona msitu wa Burma hata kwa mbali.

HOSPITALI YA KUMI YA KONGO

Wajerumani walipoikalia Ubelgiji mwezi wa Mei 1940, Kongo haikuwekwa mikononi mwao. Iliendelea upande wa Waingereza na rafiki zao. Askari wa Force Publique walikwenda Ethiopia mwaka 1941 kupigana na Waitalia, na tarehe 3 Julai mwaka ule, huko Saio, Jenerali Pietro Gazzera alijitoa mikononi mwao pamoja na majenerali wenzake na maelfu ya askari. Habari hiyo wengi waijua, maana imepewa sanamu na majina ya barabara. Habari ya hospitali haikupewa kitu.

Iliitwa Hospitali ya Kumi ya Kongo. Ilikuwa na watu 350 Waafrika na 20 Wazungu. Msifikiri nyumba ya matofali yenye vitanda vyeupe! Ilikuwa hospitali ya mahema, iliyoweza kukunjwa, kupakiwa katika malori, na kusimamishwa tena mahali pengine jeshi lilipokwenda mbele. Kati ya wale 350 walikuwamo wauguzi, wachukuzi wa machela, madereva, wapishi, madobi, na watu wa kuchimba mitaro na kuchemsha maji. Iliwekwa pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa begani alama ya kichwa cha kifaru.

Lugha ya amri katika Force Publique ilikuwa Kilingala. Lugha ya askari wa Afrika Mashariki ilikuwa Kiswahili. Waliotoka mashariki ya Kongo hawakuhitaji mkalimani, basi. Majeruhi wa Tabora au wa Machakos, aliyeletwa usiku mahemani hajui yuko wapi, aliweza kusikia mtu akimwuliza kwa Kiswahili: "Ndugu, wapi panakuuma?" Aliyepata kuwa mgonjwa kati ya wageni ajua thamani ya neno kama hilo.

Kazi ya hospitali ya namna hii ilikuwa katikati ya njia. Askari akijeruhiwa, wa kwanza kumfikia walikuwa wachukuzi wa machela wa kikosi chake. Walimpeleka kwa mganga wa kikosi, aliyemfunga jeraha na kumtuliza maumivu. Kutoka hapo alipelekwa nyuma kidogo, kisha nyuma tena, mpaka alipofika penye mahema ya upasuaji. Hapo ndipo mara ya kwanza madaktari waliweza kumpasua vizuri, kumtia damu, na kumlaza kitandani. Akipata nguvu, alipakiwa katika ndege akapelekwa India. Mnyororo huo ulikuwa na pete nyingi, na pete moja ikikatika, mtu alikufa.

BONDE LA KABAW

Kutoka Tamu, karibu na mpaka wa India, hadi mji wa Kalemyo upande wa kusini, pana bonde refu zaidi ya kilomita 100, lenye milima huku na huku. Ndilo bonde la Kabaw. Askari Waingereza waliliita Bonde la Mauti, si kwa ajili ya risasi, bali kwa ajili ya homa. Wakati wa masika mvua hunyesha huko siku nzima na usiku kucha, na kila njia hugeuka kuwa mto wa matope. Desturi ya majeshi katika nchi ile ilikuwa kukaa na kungoja mpaka mvua iishe. Jenerali Slim alikataa kungoja, maana aliona kwamba Wajapani wakipewa miezi mitatu watapumzika na kuchimba mahandaki mapya. Akawatuma watu wa kifaru.

Kwa nini wao? Sababu moja iliyotajwa ni kwamba Waafrika walidhaniwa hawashikwi na malaria kama watu wengine. Twajua sisi wenyewe kama neno hilo ni kweli! Wengi wa askari wale walitoka nchi za baridi, za milima ya Kenya na ya Nyasaland, nao malaria iliwaangusha kama ilivyowaangusha wengine. Tena palikuwa na wazo jingine, kwamba Mwafrika amezaliwa msituni, basi msitu haumtishi. Mtu wa mbugani, aliyezoea kuona ng'ombe wake walio mbali sana, atajuaje msitu wa mianzi ambamo hamwoni mwenzake aliye hatua tano mbele yake? Waliujua msitu kwa kufundishwa, huko Ceylon, kwa miezi mingi, na kwa kutoka jasho.

Tuseme kidogo jinsi vita vya namna hii vilivyo. Katika nchi ya wazi askari hutumia macho. Msituni hutumia masikio. Mianzi hukua pamoja kama ukuta, majani ni marefu kupita kichwa cha mtu, na chini ya miti mikubwa mchana ni kama jioni. Kikosi hutembea kwa mstari mmoja, na yule wa mbele ndiye mwenye kazi nzito kuliko wote, kwa kuwa mara nyingi adui humwona yeye kabla hajamwona adui. Wajapani walichimba mashimo, wakayafunika kwa magogo na udongo na majani mabichi, wakaacha tundu dogo la bunduki. Mtu aliweza kusimama karibu na tundu hilo asijue kitu. Ndiyo maana risasi ya kwanza ilipigwa kutoka hatua kumi au kumi na tano, na ndiyo maana ilipata mtu. Usiku ulipoingia kila mmoja alikaa ndani ya handaki lake lililojaa maji, haruhusiwi kuvuta tumbako wala kukohoa, ruba wakimnyonya miguuni, akisikiliza kama tawi limevunjika.

Chakula kilitoka mbinguni, kwa maana ya kweli kabisa: ndege zilikiangusha kwa miavuli. Siku ambazo mawingu yalikaa juu ya milima, ndege hazikufika, watu wakakaza mishipi. Magari yalizama mpaka ekseli. Tembo wa nchi ile, waliofundishwa kazi na wenyeji, walivuta magogo ya kujengea madaraja. Namna hiyo, hatua kwa hatua, divisheni ilikwenda kusini. Katikati ya Novemba ilifika Kalemyo. Kutoka hapo mto Myittha wapita katika mlango mwembamba wa milima hadi Kalewa, kwenye mto mkubwa wa Chindwin. Kila mlima wa huko ulilipiwa kwa watu. Tarehe 2 Desemba Kalewa ikatwaliwa. Tarehe 10 Desemba daraja la chuma lenye urefu wa mita 350 na zaidi lilikuwa limekamilika juu ya Chindwin, refu kuliko madaraja yote ya namna yake kwa wakati ule, na majeshi yakavuka kwenda kuikomboa Burma. Katika vitabu vingi vya vita hivi, Waafrika wa bonde la Kabaw hupata ukurasa mmoja au miwili. Walilofanya ni kufungua mlango ambao wengine wengi walipitia.

MIKONO MIWILI NA MITI MIWILI

Turudi kwa wachukuzi wetu.

Kubeba machela barabarani ni kazi. Kuibeba msituni ni jambo jingine kabisa. Njia ni nyembamba, basi wachukuzi hawawezi kusimama bega kwa bega. Mmoja yuko mbele, mmoja nyuma, na yule wa nyuma haoni miguu yake inakanyaga wapi. Kwenye mteremko, wa mbele huinua miti mpaka mabegani, na wa nyuma huishusha mpaka magotini, ili majeruhi asiteleze. Penye mto, machela huinuliwa juu ya vichwa na wanne au zaidi, nao maji yamewafika kifuani. Watu wawili hawawezi kwenda mbali hivyo, basi huwa wanapokezana, na wale wanaopumzika hubeba bunduki na mizigo ya wenzao. Kwa hiyo mtu mmoja aliyejeruhiwa aliweza kuchukua nguvu za watu wanane kwa siku nzima.

Na adui je? Mwenye bunduki akisikia mlio hulala chini. Mwenye machela hawezi kulala chini upesi. Akiitupa machela, amemwua yule aliyemwamini. Hushuka polepole, goti moja kisha la pili, huku risasi zikikata majani, na baadaye husimama tena. Katika vita vile alama ya msalaba mwekundu haikumlinda mtu sana. Tarehe 7 Februari 1944, huko Arakan, upande wa pwani, Wajapani waliingia usiku katika mahema ya hospitali moja ya Waingereza na Wahindi, wakawaua waganga na wagonjwa. Tangu hapo kila mtu wa hospitali katika Burma alijua kwamba na yeye yuko mstari wa mbele.

Wapo watakaosema: huyu alikuwa mpagazi tu. Neno hilo, mpagazi, katika nchi zetu lina historia ya machozi. Katika vita vya 1914-1918 Wakongo zaidi ya laki mbili walitwaliwa kubeba mizigo ya majeshi, na mtaa wa Kariakoo huko Dar es Salaam wapata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa vita hivyohivyo. Wengi walikufa kwa njaa na kuhara, bila kuandikwa popote. Lakini yafaa kuona tofauti. Mpagazi wa zamani alibeba sanduku, na sanduku halimwiti mtu kwa jina lake usiku.

HOMA ISIYO NA DAWA

Mwaka 1943 katika jeshi lile, kwa kila mtu mmoja aliyepelekwa nyuma kwa sababu ya jeraha, watu 120 walipelekwa kwa sababu ya ugonjwa. Hesabu hiyo aliitoa Jenerali Slim mwenyewe, naye aliona wazi kwamba kwa mwendo huo jeshi litakwisha bila kupigwa. Ndipo ikatolewa amri kali juu ya vidonge vya mepakrini, dawa ya kuzuia malaria inayoifanya ngozi kuwa ya manjano. Kila askari alimeza chake mbele ya mkubwa wake. Slim aliwaondoa kazini maofisa watatu ambao askari wao walikutwa hawamezi, na wengine wote wakashika adabu.

Malaria, basi, ilikuwa na dawa. Kuhara damu kulianza kupata dawa. Lakini palikuwa na homa nyingine, inayoletwa na utitiri wadogo mno wanaokaa katika majani, aina ya tifasi. Mtu alianza kuumwa kichwa, kisha homa ikampanda kwa muda wa wiki mbili, akawa anaweweseka, na mioyo mingi ilishindwa. Mwaka ule hapakuwa na dawa ya kuiponya; ilipatikana baada ya vita. Kilichokuwako ni muuguzi. Yeye ndiye aliyemwosha mgonjwa, akamgeuza ubavu huu na huu, akamnywesha maji kijiko kwa kijiko, akamshika asianguke kitandani, akamwangalia saa nane za usiku wakati mapigo ya moyo yanapolegea. Waganga wa vita vile walikubali wote kwamba katika ugonjwa ule uuguzi mwema ndio uliokuwa tofauti kati ya kufa na kupona.

Twalisema neno hili polepole, kwa ajili ya vijana wetu wanaosomea uuguzi na wakati mwingine huona haya mbele ya rafiki zao waliovaa sare ya jeshi. Katika hema la Bonde la Mauti, daktari mwenye elimu nyingi alikuwa na mikono mitupu, na mtu aliyeweza kufanya kitu alikuwa kijana aliyeshika kijiko.

Wala msidhani kwamba adui alikuwa na raha. Majeshi ya Waingereza yalipoingia Tamu mwezi wa Agosti 1944 yalikuta maiti za Wajapani zaidi ya 500, hazikuzikwa, barabarani na ndani ya nyumba na penye hekalu, na katikati ya maiti walilala watu wengine kama mia ambao bado walipumua, wamemalizwa na njaa na magonjwa. Jeshi lao liliwaacha kwa kuwa halikuwa na mtu wa kuwabeba. Askari waliotoka kwa mama zao kama wengine, waliofundishwa kwamba kushikwa mateka ni aibu kuliko kufa, walikufa namna hiyo. Ukitaka kujua machela ilikuwa na maana gani, tazama jeshi ambalo machela zake zilikwisha.

ISAAC FADOYEBO

Wauguzi wengi wa vita vile hawakuandika kitu. Mmoja aliandika, naye si wa Kongo bali wa Nigeria, wa hospitali ya namna ileile ya mahema. Jina lake ni Isaac Fadoyebo, wa kijiji cha Emure-Ile karibu na Owo. Alijiandikisha mwaka 1942 akiwa na miaka 16, akafanywa muuguzi, akapelekwa Burma na Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi, katika bonde la mto Kaladan. Divisheni hiyo haikuwa na barabara hata kidogo. Mizigo yake ilibebwa kichwani, na chakula chake kilitoka kwa ndege.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Machi 1944, hospitali yake ilipokuwa kando ya mto, Wajapani waliwapiga kwa ghafula kutoka msituni. Wengi walikufa palepale, wengine wakatawanyika. Risasi zilimvunja Isaac mfupa wa paja, na moja ikampata tumboni. Alikuwa muuguzi, aliyajua majeraha yake jinsi yalivyo. Wajapani wenyewe walimwona, wakamwacha pale, hawezi kusimama. Aliyebaki hai karibu naye alikuwa mtu wa Sierra Leone, David Kargbo, naye amejeruhiwa. Majeruhi wengine waliokuwa pamoja nao wakafa mmoja mmoja.

Wenyeji wa karibu walikuwa wakulima Waislamu. Waliwaletea chakula kwa siri. Mvua zilipokuja, mmoja wao, aliyeitwa Shuyiman, akawachukua wote wawili mpaka nyumbani kwake. Alikuwa na mke na watoto. Wajapani walikuwa wakipita vijijini, na mtu aliyeonekana anaficha askari wa adui alijua litakalompata, yeye na nyumba yake. Wageni wake walikuwa weusi, wasemaji wa lugha asiyoijua, wa dini nyingine, na mmoja wao hawezi kutembea. Aliwaweka. Muda tangu siku ya mashambulio hadi siku ya kuokolewa ulikuwa miezi tisa, na katika miezi hiyo jeshi lilikuwa limekwisha kuwahesabu kati ya waliopotea. Mwezi wa Desemba 1944 askari Wagurkha walifika bondeni, wakawakuta hai.

Isaac alirudi Nigeria anachechemea, akafanya kazi ya serikali huko Lagos, akazaa watoto. Kitabu chake kidogo kilichapwa mwaka 1999. Mwaka 2011 mwandishi wa habari Mwingereza, Barnaby Phillips, alikwenda mpaka bonde la Kaladan na barua ya Isaac mkononi, akaitafuta nyumba ile. Shuyiman alikuwa amekwisha kufa. Barua ya shukrani ilisomwa mbele ya watoto wake. Isaac alifariki mwezi wa Novemba 2012. Miaka mitano baadaye, mwaka 2017, watu wa kabila la Shuyiman, Warohingya, walifukuzwa kwa moto na risasi, na zaidi ya laki saba wakakimbilia Bangladesh. Watu waliowaficha askari wawili hawakupata wa kuwaficha.

MALIPO

Vita vilikwisha mwaka 1945. Askari walipanda meli tena, wakarudi makwao na shati la kaki, koti, na hadithi.

Hapa hatuwezi kunyamaza. Katika makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, kiinua mgongo cha vita kilihesabiwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu wa cheo cha chini kabisa alipewa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia, na Mwafrika wa cheo kilekile alipewa shilingi 3 na nusu. Hati zenyewe zilitolewa hadharani tena mwaka 2019, wakati askari wengi waliokuwa bado hai walikuwa na miaka 90 na zaidi, na wengine hawana bati juu ya nyumba. Na katika Force Publique, mtu angeweza kuvuka bahari mbili na kurudi na nishani kifuani. Ofisa hakufanywa, maana hapakuwa na ofisa Mkongo hata mmoja hadi uhuru wa mwaka 1960. Risasi ya Mjapani haikuwa na vyeo viwili.

Kati ya wale waliofika Kalewa alikuwamo koplo Mkenya, Waruhiu Itote. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1967 alisimulia jinsi askari Mwingereza alivyomwuliza huko Burma kwa nini yeye Mwafrika apigania ufalme wa wengine badala ya nchi yake. Hakuwa na jibu la kumpa. Miaka michache baadaye alikuwa msituni tena, safari hii katika mlima Kenya, akiwaongoza wapiganaji wa Mau Mau, na watu wakamwita Jenerali China. Tunavyoliona jambo lile ni shauri la kila msomaji. Lakini swali lile liliwafuata wengi nyumbani, na hata waliokaa kimya walilisikia.

Waliokufa wana mahali pao. Huko Taukkyan, karibu na Yangon, pana makaburi zaidi ya 6,000 yaliyopangwa safu kwa safu, na nguzo ndefu nyeupe zilizochorwa majina karibu 27,000 ya wale ambao kaburi lao halijulikani. Majina ya Kiafrika yamo, ya Wakristo na ya Waislamu pamoja, mengine yameandikwa kwa herufi zisizo sawa na jinsi mama zao walivyoyatamka.

Waliorudi Kongo walizeeka, wakapungua. Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alikwenda penye ukumbusho wa askari wa zamani. Hapo alimkuta koplo Albert Kunyuku, aliyeingia jeshini mwaka 1940 huko Léopoldville na kwenda hadi Burma. Alikuwa mzee wa miaka 100 hivi, naye ndiye wa mwisho aliyejulikana kati ya Wakongo wa vita vile. Mfalme akaweka shada la maua, kisha akamfungia nishani kifuani. Ilikuwa imepita miaka 77 tangu vita viishe. Mzee aliipokea akiwa ameketi kitini.